TAA YA UANI: TUVUNE JUA MCHANA, TUPATE MWANGA USIKU

Ndugu msomaji, fikiri usiku wa mwezi Julai ubavuni mwa Mlima Meru. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Saa nne imepita, na bandani ng'ombe mwenye mimba analia. Lazima mtu atoke. Mama anachukua kibatari, anakikinga kwa kiganja, anafungua mlango. Hatua tatu tu, na upepo umekizima. Anarudi kumwomba mwanawe simu yenye tochi. Kumbe chaji imekwisha tangu jioni. Basi anakwenda gizani, akipapasa kwa mguu njia ile ile ambayo juzi watoto waliona nyoka.

Ni nani kati yetu asiyeijua shida hiyo? Kweli, siku hizi nguzo za umeme zimefika katika vijiji vingi vya Meru na Arusha. Lakini mara nyingi waya huishia sebuleni. Banda liko mbali, choo kiko nyuma ya kahawa, na lango liko kule chini njiani. Na mahali ambapo nguzo hazijafika, giza ni lile lile la tangu zamani.

Leo nataka tuzungumze habari ya taa ya uani inayotumia nguvu ya jua: taa ambayo baba, mama au kijana wa nyumbani aweza kuifunga kwa mikono yake. Wala siwafichi jambo moja: taa yangu ya kwanza ilikufa usiku wa kumi na mbili. Nitawaeleza sababu yake, kwa maana sababu hiyo ndiyo somo lote la leo.

MTOTO WA KITENGELA

Kwanza sikilizeni habari ya mtoto mmoja wa jirani zetu wa Kenya. Jina lake ni Richard Turere, Mmaasai wa Kitengela, kando ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Alipokuwa na umri wa miaka tisa alipewa kazi ya kuchunga ng'ombe wa baba yake. Lakini usiku simba walitoka hifadhini wakaja kuua mifugo, na mtoto yule ilimwuma sana moyoni.

Akajaribu moto. Haukufaa, moto uliwasaidia simba kuona vizuri zaidi. Akasimamisha sanamu ya mtu kando ya zizi. Siku ya kwanza simba waliogopa, siku ya pili wakaona kwamba haisogei, wakaingia. Kisha usiku mmoja akazunguka zizi na tochi mkononi, na usiku ule simba hawakuja. Hapo mtoto akafahamu: simba huogopa mwanga unaosogea.

Alikuwa amekwisha jifunza mambo ya umeme kwa kufungua vitu, hata redio mpya ya mama yake, na mama hakufurahi hata kidogo. Akatafuta betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, kisanduku cha indiketa cha pikipiki, swichi, na balbu zilizotolewa katika tochi mbovu. Akazipanga balbu kuzunguka zizi zikitazama nje, zikawa zinawaka na kuzimika kwa zamu, kama mtu anayetembea na tochi. Simba wakakoma. Wakati huo alikuwa na miaka 11 tu. Majirani wakamwomba, akawafungia na wao. Mwaka 2013 alisimama mbele ya mkutano mkubwa huko California, Marekani, akaeleza kazi yake.

Je, mtoto yule alikuwa na nini ambacho wewe huna? Vyombo vyake vilikuwa vya takataka. Alichokuwa nacho ni macho ya kuangalia na subira ya kujaribu tena.

Hata kwetu Arusha hatukukosa watu wa namna hiyo. Bernard Kiwia, fundi baiskeli wa Arusha, alijulikana kwa kutengeneza chombo cha kuchaji simu kwa nguvu ya baiskeli, akawa mmoja wa walioanzisha Twende, karakana ya mjini Arusha ambamo watu hufundishwa kujiundia vyombo vya kuwafaa. Tena ni Arusha hiyo hiyo ambako mwanzoni mwa miaka ya 2010 kampuni ya Off Grid Electric ilianza kuwakopesha watu taa za sola, wakilipa kidogo kidogo kwa simu. Basi jambo hili si geni mlimani kwetu. Mikono yetu tu ndiyo imechelewa.

VITU VINAVYOTAKIWA

Andika katika karatasi, uende nayo kwa fundi redio au katika duka la vifaa vya umeme mjini:

1. Paneli ndogo ya sola ya volti 6, wati 1.
2. Betri tatu za kuchaji, ukubwa wa betri ndogo za redio (AA), zilizoandikwa NiMH, volti 1.2 na mAh 2000.
3. Kishikio cha betri tatu.
4. Daiodi moja, namba 1N4007.
5. Balbu tatu ndogo nyeupe za LED.
6. Rezista tatu za ohm 47. Utazijua kwa mistari yake: manjano, zambarau, nyeusi.
7. Swichi mbili ndogo, waya mwembamba wa rangi mbili, na utepe wa umeme.
8. Chupa ya kioo yenye kifuniko, kama ile ya jamu, na kopo la plastiki la kutia betri.

Juu ya betri uwe macho. Betri za kuchaji za ukubwa huu, za namna ya NiMH, hazifiki mAh 3000. Ukiona imeandikwa 5000, ujue muuzaji anauza wino. Pima uzito mkononi pia. Betri ya kweli ni nzito, na ya uongo ni nyepesi kama gunzi.

Paneli nayo ijaribiwe kabla ya kulipa. Mwambie fundi aitoe juani saa sita mchana, aipime kwa mita yake. Ikifika volti 7 au karibu, na mkondo wa miliampea 160 au zaidi kidogo, ni nzuri.

JINSI YA KUIFUNGA

Tia betri katika kishikio, kichwa cha moja kikielekea kitako cha mwenzake. Betri tatu za volti 1.2 hufanya volti 3.6, nazo zatosha kuwasha LED nyeupe.

Waya mwekundu wa paneli uufunge kwenye daiodi. Upande wa daiodi wenye mstari uelekee alama ya chanya (+) ya betri. Waya mweusi wa paneli uende moja kwa moja kwenye hasi (−) ya betri. Kazi ya daiodi ni nini? Waijua valvu ya gurudumu la baiskeli: upepo waingia, lakini hautoki. Ndivyo ilivyo daiodi. Mchana yaruhusu umeme kutoka kwenye paneli kuingia betrini. Usiku yauzuia usirudi ukapotea katika paneli iliyo baridi.

Sasa balbu. Kila LED ina miguu miwili, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Mguu mrefu uufunge kwenye rezista yake, na mguu mfupi uende kwenye hasi ya betri. Rezista za LED mbili uziunganishe ziende kwenye swichi ya kwanza. Rezista ya LED ya tatu iende kwenye swichi ya pili. Swichi zote mbili zipate umeme kutoka kwenye chanya ya betri. Angalia vema, usiiache rezista ukidhani ni pambo. Hiyo ndiyo inayoipimia LED chakula chake. Bila hiyo LED hula kwa pupa ikaungua.

Kwanza sokota waya kwa vidole tu na ujaribu. LED isipowaka, huenda umegeuza miguu, igeuze. Ikiisha kuwaka, lehemu kila kiungo kwa risasi. Kama huna chuma cha kulehemu, mpelekee fundi redio. Kwake ni kazi ya muda mfupi. Usiviache viungo vya kusokota, maana hewa ya mlimani ina unyevu, na baada ya miezi michache waya hufanya kutu ya kijani.

LED zikae ndani ya chupa, zimefungwa chini ya kifuniko zikitazama chini. Tundu la waya lizibwe kwa gundi ya silikoni, na juu ya chupa uweke kipande cha bati kama kofia. Waya unaoingia nyumbani uache ulegee na kushuka kidogo kabla ya kupanda ukutani, ili maji ya mvua yadondokee pale chini, yasiufuate mpaka ndani. Betri na swichi zikae katika kopo la plastiki, chini ya upenu, mbali na jua kali. Paneli hupenda jua, lakini betri huugua kwa joto.

GHALA LA MWANGA

Hapa ndipo nilipokosea mimi. Taa yangu niliifunga mwezi Julai. Ikawaka vizuri, majirani wakaja kuitazama, nami nikavimba kichwa. Nikaiacha balbu zote tatu ziwake usiku kucha, kila siku. Usiku wa kumi na mbili ikazimika saa sita. Jirani mmoja akasema, "Mimi nilikwambia, mambo ya sola ni uongo." Nami kwa hasira nikamlaumu mwuza betri. Lakini mwuza betri hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa la mwenye shamba aliyekula kuliko alivyovuna.

Tufanye hesabu pamoja. Ile namba iliyoandikwa kwenye betri, mAh 2000, uifikiri kuwa vibaba 2000 vya mahindi ghalani. Kila LED yenye rezista ya ohm 47 hula vibaba 15 hivi kwa saa. Balbu tatu hula 45. Ukiwasha saa moja jioni na kuzima saa kumi na moja alfajiri, ni saa kumi: vibaba 450 vimeliwa.

Na mavuno je? Paneli yetu juani kabisa huvuna vibaba 160 kwa saa. Siku nzuri ya Januari au Februari ukijumlisha jua lote, la asubuhi lililo dhaifu na la adhuhuri lililo kali, utapata kama saa tano za jua kamili. Ni vibaba 800. Lakini betri za namna hii hazihifadhi zote. Karibu theluthi hupotea kama mahindi yanayoliwa na panya. Zabaki kama 530. Umevuna 530, umekula 450: mambo ni mazuri, tena pana akiba.

Sasa njoo mwezi Julai, upande wa kusini wa mlima, Nkoaranga, Akheri au Poli. Wingu hufunika mpaka adhuhuri, pengine siku nzima. Tuseme jua kamili ni saa mbili na nusu tu. Mavuno ni vibaba 400, na baada ya panya kula zabaki 270. Wewe wala 450 kila usiku! Kila siku ghala lapungua vibaba 180. Ghala la vibaba 2000 litakwisha baada ya siku kumi na moja. Usiku wa kumi na mbili, giza. Hesabu ilikuwa wazi tangu siku ya kwanza. Mimi tu ndiye niliyekuwa sijaifanya.

Dawa yake ndiyo zile swichi mbili. Wakati wa baridi, washa balbu zote tatu kuanzia saa moja mpaka saa tano usiku, wakati watu wanapokamua, wanapokwenda chooni, wanaporudi kutoka jumuiya. Hizo ni saa nne, vibaba 180. Kisha zima swichi ya kwanza, iache balbu moja tu ikilinda mpaka alfajiri: saa sita, vibaba 90. Jumla 270. Umekula ulichovuna, na ghala halipungui. Kazi hiyo ya kuzima na kuwasha mpe mtoto mmoja wa nyumbani, iwe wajibu wake kama kufungia kuku. Mtoto atajifunza hesabu kuliko kwa kitabu.

Sababu nyingine ya kuchagua paneli hii na betri hizi ni usalama. Betri za NiMH huvumilia kuchajiwa polepole siku nzima, mradi mkondo wa paneli usizidi sehemu ya kumi ya namba ya betri. Sehemu ya kumi ya 2000 ni 200. Paneli yetu hutoa 160. Kwa hiyo hatuhitaji chombo kingine cha kuzuia chaji. Lakini ukitamani paneli kubwa na betri ya gari kama yule kijana wa Kitengela, hapo lazima uweke kidhibiti chaji na fyuzi, na umwite fundi.

JUA LA MERU

Arusha iko digrii tatu na kidogo kusini mwa ikweta. Kwa hiyo jua la adhuhuri hupita karibu utosini. Desemba huegemea kusini, Juni na Julai huegemea kaskazini. Kwa kuwa miezi yenye njaa ya jua ni ile ya baridi, ilaze paneli ikiinama kidogo kuelekea kaskazini, kiasi cha mwinamo wa paa la chini. Mwinamo huo pia huosha vumbi mvua inaponyesha.

Usiiweke chini ya mgomba au mgrevilea. Ndani ya paneli vipande vimeunganishwa kimoja nyuma ya kingine, kama watu waliojipanga kupokezana ndoo za maji. Mmoja akilala, ndoo zote zasimama. Jani moja la mgomba likifunika kipande kimoja, laweza kuiua karibu paneli nzima. Ndugu zetu wa Ngarenanyuki na Oldonyo Sambu, upande mkavu, wana jua zaidi, lakini wana vumbi. Wao waifute paneli kila wiki kwa kitambaa chenye maji, bila mchanga, wasiikwaruze.

MAMBO YA KUKATAZA

Kwanza, usitie betri za kawaida za redio, zile zisizochajika. Ukizilazimisha huvuja dawa, hata kupasuka.

Pili, usitumie betri za lithi zilizotolewa katika simu au kompyuta za zamani ikiwa hujui kazi yake. Zina nguvu nyingi, lakini zikichajiwa vibaya huwaka moto.

Tatu, betri iliyokufa isitupwe shambani, chooni wala motoni. Betri ya gari ina risasi, ambayo ni sumu kwa watoto na kwa udongo unaotulisha. Zikusanye katika kopo, uzirudishe kwa wanaozinunua mjini.

Nne, betri zako zikizeeka baada ya miaka miwili au mitatu, usiitupe taa nzima. Paneli nzuri huishi miaka mingi, na LED pia. Badili betri tatu tu, na taa itafufuka. Taa nyingi za sola tunazoziona zimetupwa kwenye majalala zilikufa kwa ajili ya betri peke yake. Jamani, tunatupa jembe kwa sababu mpini umevunjika!

TUANZE NA MOJA

Ndugu msomaji, taa hii haitakupa mwanga wa kusomea gazeti hili, wala haiwezi kushindana na taa za barabara za Arusha. Itakuonyesha mahali pa kukanyaga. Itamwonyesha bibi kizingiti cha choo. Fisi au mwizi akikaribia banda, nawe utamwona kabla hajakuona. Na kile kibatari kilichokuwa kikibebwa karibu na majani makavu ya ng'ombe, ambacho kimekwisha kuunguza mabanda na watoto mahali pengi, kitapumzika.

Usingoje mpaka upate fedha ya taa tano. Funga moja, pale penye hatari kuliko pengine pote, kisha uiangalie mwezi mzima. Andika ukutani kwa mkaa saa ulizowasha na siku zilizokuwa na wingu. Wewe mwenyewe utajua kama ghala lako lajaa au lapungua, na hapo hutahitaji mtu wa kukufundisha. Ya pili utamfungia jirani.

Yule jirani yangu aliyesema sola ni uongo? Anayo moja langoni kwake sasa. Nilimfungia mimi, na swichi ya saa tano huizima binti yake wa darasa la tano. Juzi nilimwuliza binti yule kwa nini anaizima balbu mbili na kubakiza moja. Akanijibu upesi, bila kufikiri, "Kwa sababu jana palikuwa na wingu."